Kikombe Kisichoonjwa

Jumatatu, 8 Juni 1964

Hili sijamwambia mtu: vidonge vya Baba navitoa kwenye kabati la shule. Aspirini. Shule imefungwa tangu waasi waingie Uvira, na ufunguo ninao mimi kwa kuwa nilitunza vitabu. Baba analalamika moto chini ya kifua kila akiwa na njaa. Leo nimempa viwili tena, kabla ya uji. Ameniita daktari. Nimefurahi mno.

Jumatano, 10 Juni

Baba ametapika. Kitu cheusi kama machicha ya kahawa. Nilishika beseni.

Jana alikunywa kasiksi, pombe ya ndizi, kwa Mama Nabintu, jirani yetu hapa Mulongwe. Kikombe kimoja tu. Lakini Mama Nabintu hakukionja kwanza. Anayempa mwenzake kinywaji huonja. Asipoonja, watu husema ametia sumu.

Alhamisi, 11 Juni

Vijana wa waasi wamemchukua Mama Nabintu. Shangazi alimfuata njiani akipiga kelele: “Hakuonja! Minye niliona na macho yangu!” Mama Nabintu alisema alisahau, mtoto wake alikuwa analia. Walimcheka. Atahukumiwa Jumamosi. Waliohukumiwa Jumamosi iliyopita hawakurudi.

Ijumaa, 12 Juni

Nimesoma kitabu cha afya cha shule mara tatu, kwa Kifaransa. Kidonda cha tumbo. Maumivu wakati wa njaa. Matapishi meusi. Mstari wa mwisho: mgonjwa asipewe aspirini.

Ni mimi.

Naogopa. Sijala.

Jumamosi, 13 Juni

Nilikwenda kwenye hukumu na kitabu na kopo la vidonge. Mkubwa wa waasi alikitazama kitabu.

“Sema, weye mwanafunzi wa Wazungu!”

Nikasema yote, hata kabati. Muuguzi wao alisoma ukurasa ule polepole sana. “Iko kweli,” akasema. “Huyu mama hana kosa.”

Wakamwachilia. Mimi nilipigwa fimbo kumi kwa wizi. Nilizihesabu.

Jumapili, 14 Juni

Baba anapumua vizuri. Hakutapika tena. Muuguzi amekataza pombe na aspirini. Ameagiza maziwa, ila ya Rurambo, kule milimani, hayashuki kwa ajili ya vita. Nimempikia uji mwepesi. Hajaniita daktari.

Mchana nilikwenda kwa Mama Nabintu. Nilitaka kumwomba msamaha. Alinitazama, akachota maji mtungini, akainua kikombe aonje. Nilikipokea kabla hakijafika mdomoni mwake. Nikanywa yote.