Pono Aliyelala

Nambale, Jumapili usiku

Hatimaye nimemwambia Mama. Tangu nirudi kutoka Diani nimekuwa nikiogopa, kwa sababu Baba alizama ziwani pale Port Victoria nikiwa mdogo, na tangu siku hiyo Mama hataki hata kusikia habari ya maji mengi.

Tulikuwa tunamenya mihogo. Nikasema tu, "Mama, nilipiga mbizi baharini. Usiku."

Kisu chake kikasimama. "Usiku? Wewe?"

Nikamweleza yote. Tuliingia kwa miguu kutoka ufukweni, mimi na mwalimu wa kupiga mbizi, mitungi ya hewa mgongoni. Pweza alitambaa juu ya mwamba akibadilika rangi, mara mwekundu, mara kama mchanga. Samaki aitwaye pono alikuwa amelala ndani ya utando mwembamba aliojitengenezea, mdomo wazi kidogo, na tochi yangu haikumwamsha. Halafu tukazima tochi. Kila nilipopunga mkono, cheche za buluu za vijidudu vya baharini vinavyong'aa zilimwagika gizani, kimya kabisa, nikasahau kuogopa. Hata sasa nikifumba macho, kitanda kinaelea.

Mama aliweka kisu chini. Nikangoja anigombeze.

"Kwa hivyo huko chini," akauliza, "si giza tupu?"

"Si giza tupu, Mama."

Akafuta macho kwa pindo la leso. Kisha akachukua muhogo mwingine.

"Ukienda tena, niambie mapema. Nikuombee."