Kampuni Imesamehewa

Ushirombo, Juni 1953

Mwanangu Telesphori, mkalimani wa kampuni,

Mama yako nakusalimu. Karanga zimezaa, na kanisani bado wanasimulia ulivyosimama barazani na kaptula yako nyeupe. Namwambia Mama Damian, "Wewe umezaa wachunga mbuzi, mimi nimezaa mdomo wa Wazungu!"

Siku ile ulitangaza kwamba Serikali imeisamehe kampuni kodi. Na itaachaje, wakati Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, anakula mezani kwa kampuni, na mtemi naye wamemjengea nyumba ya bati? Lakini baba yako alilishika neno lako. Askari wa kodi ya kichwa walipokuja, wenzake walikimbilia porini. Nikamwambia auze ndama, tulipe. Akasema, "Serikali inasamehe. Telesphori hawezi kutudanganya." Akavaa kanzu ya Jumapili, akaenda bomani, akapiga magoti kama kwa padri: "Nami nisameheni."

Walicheka, wakamfunga. Wakampeleka kuchimba barabara ya kampuni yenu. Kifua kikambana, akafia hukohuko.

Tulimzika Jumatano, mwanangu. Wanaokuja kunipa pole wanakuulizia, nami nawaambia uko njiani na motokaa ya kampuni. Njoo, hata kwa miguu.

Mama yako anayejivunia wewe,
Bernadina