Moyo Wako, Papa, na Dawa za Pande Mbili

Mpendwa Papa, baba yangu,

Juma hili munganga wa hospitali amesikiliza kifua changu, akasema moyo wangu nao umechoka kama ulivyochoka wako. Sikuogopa sana. Nilishaona kwako namna moyo wa hivyo unavyotunzwa.

Unakumbuka mwaka ule baada ya uhuru, ulipokuwa fundi wa magari moshi? Miguu ilikuvimba mpaka viatu vikakataa kuingia. Ulilala umeegemea mito, maana ukinyoosha mgongo pumzi ilikukimbia. Madaktari wengi wa Kizungu walikuwa wameondoka. Jirani yetu Anselme, muuguzi wa hospitali, akakupa matone ya moyo, akakukataza chumvi.

Dada yako, shangazi Veronika, naye akashuka kutoka milima ya Kirungu na kitunga cha mizizi ya dawa, akawa anakuchemshia. Ukanywa dawa za wote wawili, kimya kimya, kwa sababu hukutaka kumkwaza yeyote.

Baada ya siku chache ukaanza kutapika. Ulitazama shuka jeupe ukaniuliza, "Mbona leo kila kitu ni cha manjano?" Nikakimbia kumwita Anselme. Akakushika mkono, akasikiliza mapigo, uso ukambadilika.

"Papa, uniambie kweli. Unakunywa nini ingine?"

Shangazi ndiye aliyejibu: "Mimi njo namupatia." Akaleta sufuria ya mizizi.

Nilidhani watagombana juu ya kitanda chako. Lakini Anselme alimuuliza kwa heshima mzizi ule unafanya kazi gani.

"Unatia moyo nguvu."

"Hata matone yangu yanafanya vile, Mama. Yote mbili pamoja zinamulemea."

Shangazi akaketi chini. "Kaka, ningejua unakunywa yake, singekupa yangu." Akainuka, akaenda kumwaga sufuria mwenyewe.

Anselme alisimamisha matone mpaka mapigo yakatulia, kisha akayarudisha kidogo kidogo. Shangazi alipofunga mizigo aende kwao, Anselme akamzuia mlangoni. "Mama, usituache. Juu ya chumvi, huyu hanisikii." Alijua unavyopenda ndagala za chumvi, vile visamaki vikavu vya ziwa! Ulikasirika, nasi tukacheka, kicheko cha kwanza nyumbani tangu uugue.

Shangazi akabaki. Alikupikia mboga za lengalenga na samaki wabichi kwa ndimu na tangawizi. Alikusugua miguu kwa mafuta ya mawese. Jioni alikutembeza kando ya ziwa: "Pole pole, kaka. Ukishindwa kuongea, tunasimama." Anselme alipita kukupima, naye akawa anamuuliza dada yako kwanza jinsi ulivyoamka.

Magari moshi hukuyarudia tena, na najua iliuma. Ila siku ya ndoa yangu ulikataa motokari. Ulinishika mkono tukaenda kanisani kwa miguu, ukisimulia njia nzima ili nisikie kwamba pumzi unayo. Mtoto wangu wa kwanza ulimbeba wewe kabla ya wote.

Sasa ni zamu yangu. Nameza vidonge vyangu, na kila jani ninalotaka kuchemsha ninamwonyesha munganga kwanza. Mengine anakubali, mengine anakataa, nami namsikiliza. Bukari, ugali wetu, bila ndagala za chumvi inanichosha, nalalamika kama wewe. Lakini juzi nilipanda kilima kwa miguu hadi kwa mwanangu, nikafika nikiwa bado naongea na mjukuu.

Lala salama, Papa. Umsalimie shangazi huko mliko. Mimi sitakuja upesi.

Binti yako wa kwanza