Simu Isiyo na Masikio

Yaya Neema, dada yangu,

Salamu za Uvira, ambako jua linanikausha pamoja na ndagala za utafiti wangu. Kikaushio nilichokiunda chuoni kinafanya kazi. Wiki jana kipimo cha unyevu kiliniandikia kwenye simu kwamba ndagala zimekauka, nikaanza kuzifunga mfukoni. Mama Sifa, mwenye hao samaki, akachota kiganja kimoja, akakitikisa karibu na sikio.

"Bado, mutoto wangu. Hazijasema."

Nikamwonyesha simu.

"Hiyo simu yako iko na masikio?"

Nilibisha, nikafunga mfuko wangu. Yeye aliziacha zilizobaki juani siku moja zaidi. Leo mfuko wangu umeota ukungu, na zake zinalia kama kokoto. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akanipakulia ugali. Profesa hakucheka, lakini amekubali nibadilishe kazi: sasa Mama Sifa anatikisa, miye ninarekodi, tunaifundisha simu kusikiliza.

Nimekutumia mfuko wake mmoja kwa basi la Bukavu. Ukiupokea nipigie, uutikise karibu na simu. Mama Sifa anataka kusikia kama zimefika salama.

Mdogo wako anayenuka samaki,
Riziki