Kabla ya Kunyanyuliwa

Jumatano, 2 Julai
Mazoezi ya mieleka asubuhi, kisha shambani kwenye kahawa. Nimechuma mpaka saa tisa. Kopo limeniponyoka mara mbili, mkono wa kushoto una ganzi tena. Mama mkwe kaniuliza nina nini. Nikasema baridi. Mbinga baridi haikosekani, ni uongo mzuri.

Tekla kanibwaga vizuri leo. Watu wakituona ulingoni wanadhani tunachukiana kweli. Wifi na wifi, nani asingeamini? Kumbe tunakula sahani moja. Ni mdogo wa mume wangu, na hakuna mwingine ninayeweza kumkabidhi mwili wangu anigeuze miguu juu.

Ijumaa, 4 Julai
Sasa naogopa. Kabla ya kunibeba kichwa chini, mtupo tunaouita gunia, Tekla hunibana kiganja cha kushoto. Maana yake, tayari? Nami nikimbana, ananyanyua. Nisipombana, haninyanyui. Ndivyo Kocha alivyotufundisha. Leo kiganja hakikusikia kitu. Nikakisia, nikambana. Nikapaa. Nimetua salama.

Tekla akacheka. "Wifi, mbona unaniwahi?"

Sijamwambia. Pambano la Mbamba Bay ni wiki ijayo na safari hii mkanda wa ubingwa ni wangu, Kocha amekwisha panga. Miaka yote hii mimi ni wa kuangushwa tu.

Jumapili, 6 Julai
Nilikuwa napika uji kabla ya misa. Nikasikia harufu ya kuungua, nikatafuta inatoka wapi. Kidole changu. Kilikuwa kimeegemea sufuria. Hakikuuma hata kidogo. Kanisani sikusali, nilikitazama tu.

Jumatano, 9 Julai
Zahanati, kwa siri. Muuguzi kanishika shingo, uso ukambadilika. Anataka niende Songea nikapigwe picha, na nisibebe hata ndoo ya maji. Nikamwuliza, mtu akianguka vibaya je? Akasema, "Dada, huenda usinyanyuke tena."

Nimeitikia. Nitakwenda baada ya mkanda. Mjinga mimi.

Ijumaa, 11 Julai
Tumeshuka Mbamba Bay. Kona zote zile nimeshikilia shingo. Wanawake wanaanika usipa, dagaa wa ziwani, ufukweni, wanatuita kwa majina ya ulingoni, wanacheka. Samaki mbasa wa kuchoma amenishinda kumeza. Tekla ananitazama sana.

Naogopa kufa. Naogopa zaidi kubaki kitandani, mama mkwe akinigeuza.

Jumamosi, 12 Julai
Uwanja ulijaa. Mpango ulikuwa gunia moja, kisha niinuke, nimwangushe, mkanda wangu. Akanishika kiganja. Nikangoja kidogo, nikakisia, nikambana.

Hakuninyanyua. Alinikumbatia, mdomo sikioni. "Wifi, mimi sijakubana."

Alikuwa ananipima! Nikamwambia ninyanyue. Akakataa. Nikamsukuma, nikamkanyaga, nikamtukana Kimatengo, tena matusi ya kweli. Watu wakashangilia, wakidhani ndio mchezo wenyewe. "Gunia! Gunia!" Tekla akaketi katikati ya ulingo, kanishika kiuno kwa mikono miwili, haachii. Shangwe zikageuka kuzomea. Kocha akapanda, akavunja pambano. Mkanda haukutolewa hata kwenye mfuko wake.

Nimemchukia kwa moyo wangu wote. Usiku huu silali chumba kimoja naye.

Jumanne, 15 Julai
Songea jana. Tekla alinipeleka, nikakaa kiti cha mbali naye. Picha imeonyesha mfupa wa shingo umehama, unakandamiza mshipa wa fahamu. Daktari anasema mtupo mmoja tu ungetosha. Kuna matibabu, lakini kupigana basi. Tekla alilia palepale mbele ya daktari. Mimi machozi hayakuja. Nilimpa ncha ya kitenge changu ajifute.

Leo amekwenda kumwambia Kocha kwamba sirudi. Mimi nisingeweza kulitamka. Nimebaki barazani, nachambua maharage kwa mkono wa kulia.