Dagaa wa Mkeo Katika Hesabu ya Polisi

Rafiki yangu Venansi,

Nimechoka, lakini habari hii ni yako, na sina mwingine wa kumweleza akaielewa. Tulivaa sare ya polisi sote wawili, wewe kwenu Burundi, mimi hapa Kigoma.

Tangu tukuzike, mkeo Leokadia amebaki Ujiji, anaanika dagaa pale pale ufukweni. Mwezi uliopita redio ilitangaza kwamba makosa yanayoandikishwa polisi yamepungua kwenu na kuongezeka kwetu. Mara ukaitishwa mkutano wa mtaa. Rajabu, yule muuza nyavu, akasimama: "Wezi wao wamehamia huku! Wakimbizi wote warudi kambini, na yule mama wa dagaa awe wa kwanza."

Nikakumbuka jioni zetu barazani kwangu, ukimenya muhogo wa kuchemsha na kunicheka kwamba nimestaafu na bado napiga pasi suruali. Ulinieleza kuwa katika mwaka wenu mbaya kuliko yote, kituo chako kilikuwa kimya. Nyumba ziliporwa, na hakuna aliyekuja kushtaki, maana aliyeonekana akiingia polisi hakuwa salama tena. "Afande," ulisema, "wakubwa wangu walitupongeza."

Niliwaambia hayo. Kisha nikawauliza ni nani aliyeibiwa dagaa akaenda kituoni. Ni Leokadia. Kosa alilotendewa yeye limo katika hesabu wanayomfukuzia. Mama mmoja akamrukia Rajabu: "Nawe ulipoibiwa nyavu si ulikwenda kushtaki? Basi tangulia wewe kambini!" Watu wakacheka, mwenyekiti akaahirisha shauri. Sikushinda, Venansi. Waliahirisha tu.

Juzi wameiba tena, safari hii pamoja na turubai. Nilipomwambia mkeo twende kituoni, alitikisa kichwa. "Shemeji, nikiandikisha nitafukuzwa. Acha tu." Akaendelea kuokota dagaa waliobaki mchangani, mmoja mmoja.

Hivyo ndivyo hesabu yetu nayo itakavyoshuka. Redio itatangaza, na Rajabu atafurahi.

Lala, ndugu yangu. Suruali nimekwisha kuipiga pasi, cheka ukitaka. Kesho asubuhi nitampitia Leokadia, na akikataa nitakaa naye pale mchangani mpaka akubali. Kituoni sitaondoka kabla jina lake halijaandikwa, na langu chini yake, kama shahidi.