Pedi za Mjukuu Wangu Golini

Fundi, uko wapi? Pokea simu basi. Nimeharibu.

Zile pedi za hoki nilizomnunulia mjukuu wangu si za golikipa. Zinaishia chini ya goti. Chini ya goti, fundi, na ule mpira wao mgumu kama jiwe.

Na muuzaji aliniuliza kabisa, "Mzee, za golikipa au za mchezaji wa kawaida?" Nikamjibu, mguu ni mguu.

Mguu ni mguu. Mdomo wangu huu.

Binti kazivaa, kayatazama magoti yake, kaniambia, "Zinanitosha, Babu." Ananidanganya nisione haya.

Funga kibanda chako cha viatu, lete sponji nene na mikanda. Mechi saa kumi. Ukichelewa utanikuta golini, nimesimama mbele yake.